Kabla Miguu Haijaacha Ardhi

Mbwa akishakuwa hewani juu ya kiunzi, shauri limekwisha. Mguu utakaotangulia kutua, upande ambao mgongo umeinamia, umbali atakaofika: yote hayo aliyaamua akiwa bado chini, hatua moja au mbili kabla ya kuruka. Ukimwita sasa aende kulia ilhali mwili wake umejipanga kwenda mbele, atatii, lakini utii huo utamgharimu. Atatua amenyooka, atateleza kidogo, atazunguka kona pana, na muda utakuwa umeshapotea. Ukimwambia mapema, akiwa kwenye hatua yake ya mwisho ardhini, utamwona anafupisha mwendo, anajikusanya, anaruka kichwa kikiwa tayari kimegeuka, na akitua ameshaelekea kiunzi kinachofuata. Kati ya amri iliyowahi na ile iliyochelewa kuna sehemu ndogo tu ya sekunde. Kuna watu wanaoifanyia kazi sehemu hiyo kwa miaka, na kazi yao ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Watu hao wanacheza mbio za vizuizi za mbwa, maarufu kama ajiliti. Mchezo wenyewe si wa zamani. Mwaka 1978, maonyesho ya mbwa ya Crufts yalipofanyika katika ukumbi wa Olympia jijini London, kulikuwa na muda mtupu kwenye uwanja mkuu kati ya shindano moja na jingine, na waandaaji walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji. John Varley, mmoja wa wanakamati, akamfuata mfunzaji wa mbwa aitwaye Peter Meanwell, na kwa pamoja wakabuni onyesho lililofuata mfano wa mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Timu mbili za mbwa zikapita mbele ya watu, na watu wakapenda. Mwaka 1980 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, kikautambua rasmi kuwa mchezo wenye kanuni zake. Mwaka 1996 FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, likaandaa mashindano yake ya kwanza ya dunia huko Morges, Uswisi. Kilichobuniwa kujazia muda kilichukua chini ya miaka 20 kufika kwenye ubingwa wa dunia.

Anayeutazama kwa mara ya kwanza huvutwa na kasi. Mbwa anaachiwa, anaruka viunzi, anazama ndani ya handaki la turubai lililopindishwa na kuchomoka upande wa pili, anapanda daraja la mbao lililoinuka zaidi ya mita moja kutoka ardhini, anatimka juu ya ubao mwembamba, anashuka, anapenya fito zilizosimama mstari mmoja, anapita katikati ya tairi lililotundikwa. Vizuizi ni kati ya 15 na 22, vimewekewa namba, na mara nyingi vyote humalizika kabla ya dakika moja kutimia. Pembeni anakimbia binadamu mmoja anayeonekana kupunga mikono ovyo. Macho ya mgeni humfuata mbwa. Mimi nashauri umfuate binadamu, tena uache mikono, utazame miguu yake.

Sababu ni kwamba mbwa hajui njia. Njia hubuniwa na mwamuzi, hubadilika kila shindano, na mbwa haruhusiwi kuionja kabla. Wanaoingia kuikagua ni waongozaji peke yao, kwa dakika chache, bila mbwa, na dakika hizo zina mengi ya kuona kuliko mbio zenyewe. Utaona watu wazima wametapakaa uwanjani, kila mmoja akiongea na mbwa asiyekuwepo, mkono umenyooshwa. Wanageuka ghafla, wanarudi nyuma hatua tatu, wanairudia kona ileile. Mmoja anachuchumaa nyuma ya mdomo wa handaki, macho yake yakiwa kwenye kimo cha macho ya mbwa wake, ili aone kile mbwa atakachokiona akichomoka. Je, kitakachomjia usoni ni kiunzi namba 8, au ni handaki jingine ambalo si zamu yake? Waamuzi wazuri huweka mitego ya namna hiyo kwa makusudi. Kizuizi kinachoita kimewekwa mbele kabisa, na kile sahihi kiko pembeni, nusu kimejificha. Yule aliyechuchumaa ameshajua kuwa akichelewa pale, mbwa atachagua mwenyewe, na atachagua kilicho mbele ya pua yake.

Wakitoka nje wanafumba macho na kuikimbia njia yote kichwani. Kisha mbwa anavuliwa kamba. Mwongozaji hataruhusiwa kumgusa, wala kushika chakula, wala kumwonyesha mpira. Anabaki na mwili wake, sauti yake, na yale waliyofundishana nyumbani.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa sayansi ya michezo, Jeremy Sheppard na Warren Young, walipitia tafiti zilizoandikwa kuhusu wepesi wa wanamichezo, wakapendekeza maana ambayo imetumika sana tangu wakati huo: wepesi ni mwili mzima kubadili kasi au mwelekeo upesi kwa kuitikia jambo fulani. Uzito wote uko kwenye kule kuitikia. Winga wa soka anayezunguka koni zilizopangwa mazoezini, akijua tangu mwanzo koni ipi inafuata, anaonyesha kasi ya kugeuka, na ni jambo la maana, lakini wepesi wake bado hujauona. Utauona siku winga huyohuyo atakapokutana na beki: atasoma nyonga ya mwenzake, atajua uzito umelalia mguu gani, atampiga chenga upande wa pili. Na beki naye anasoma. Wapenda soka wamewahi kumwona winga mwenye mbio kuliko wote uwanjani akikabwa dakika 90 na beki mzito aliyejua tu kungoja na kutazama.

Kwa kipimo hicho, mbio za vizuizi za mbwa ni wepesi mtupu, uliogawanywa kwa viumbe wawili. Mwenye mbio hajui njia. Anayejua njia hana mbio. Mbwa anaitikia mwili wa mtu, mtu anaitikia mwili wa mbwa, na wote wawili wako mwendoni. Wepesi wa mbwa, ule unaowafanya watazamaji washangilie, una kikomo kimoja ambacho mbwa hawezi kukivuka: hawezi kuitikia kabla hajaambiwa.

Tuzitazame fito, kwa kuwa hapo ufundi unaonekana bila kificho. Fito 12 zimesimama wima kwenye mstari ulionyooka, kila moja sentimita 60 kutoka kwa mwenzake. Mbwa ni lazima aingie ufito wa kwanza ukiwa upande wa bega lake la kushoto, kisha apinde kulia na kushoto mpaka mwisho bila kuacha hata nafasi moja. Hakuna chochote katika maumbile ya mbwa kinachomwambia afanye hivyo. Kuruka gogo atajifunza mwenyewe, kupenya shimo vilevile, lakini hakuna mnyama awindaye kwa kujisokota kati ya miti 12 ilhali pembeni kuna njia nyeupe. Fito hufundishwa zote, kuanzia sifuri.

Wengine huzipanga safu mbili zenye uchochoro katikati. Mbwa anakimbia moja kwa moja uchochoroni akiufuata mpira wake, na kila baada ya siku kadhaa safu zinasogezwa, kidogo sana, mpaka anaanza kupinda kiuno bila kujua kwamba anafundishwa. Wengine hufuata njia iliyoenezwa na Susan Garrett wa Canada, ya kuanza na fito mbili tu. Mbwa anaachwa atafute mwenyewe namna ya kupita kati yake. Akipita sawasawa, mpira unatupwa mbele yake. Akikosea hakuna kinachotokea, hakuna kelele wala kukaripiwa. Baadaye zinaongezwa mbili nyingine, pembe ya kuingilia inabadilishwa, mwongozaji anasimama mbali, anasogea karibu, anakimbia, anatulia tuli. Mbwa anatakiwa ajue kuutafuta mlango wa fito popote atakapotokea, hata kama mtu wake yuko upande usiomfaa.

Subira ya kazi hii iko katika kutoongeza. Mbwa amezipita fito nne vizuri, na moyo unasema weka sita. Mwongozaji mzoefu anaacha nne zilezile, anabadili tu mahali pa kuanzia, kisha anafunga mazoezi mbwa akiwa bado na hamu. Mbwa aliyeiva huzimaliza fito zote 12 kwa sekunde mbili au tatu hivi. Ukiipunguza kasi ya video utaona kwamba wapo wanaotupa mguu mmoja mmoja wa mbele, kama waogeleaji, na wapo, hasa wadogo, wanaoruka kwa miguu miwili pamoja. Bega linagusa ufito, ufito unalala na kuinuka tena. Kichwa kimebaki chini, kimetulia katikati ya mstari, na kiwiliwili ndicho kinachoyumba huku na huku. Hakuna aliyemfundisha mbwa kukituliza kichwa namna hiyo. Aligundua mwenyewe ndani ya marudio, na alichofanya mwongozaji ni kumpa nafasi ya kurudia bila hofu. Mimi nikiona fito zimepitwa hivyo, huwa najikuta nikiwaza zile jioni zote za fito nne.

Kwenye vizuizi vya kupanda kazi ni nyingine. Daraja, mbao mbili pana zilizoegemeanishwa, na ubao wa pembea, vyote vimepakwa rangi tofauti sehemu za chini, na mbwa ni lazima aikanyage sehemu hiyo anaposhuka. Kanuni hiyo inamlinda, kwa sababu mbwa mwenye haraka angejitupa chini kutoka juu na kuumiza mabega. Rangi humsaidia mwamuzi zaidi ya mbwa. Mbwa anayeshuka kwa kasi haangalii rangi. Anafanya kile mwili wake ulichozoea kufanya mwisho wa ubao. Kwa hiyo inabidi uufundishe mwili.

Njia moja ni kumfundisha asimame mwishoni, miguu miwili ya mbele ardhini na miwili ya nyuma ikiwa bado ubaoni, angoje ruhusa. Inaonekana rahisi mpaka ujue kwamba mbwa wengi hawana habari na miguu yao ya nyuma. Ya mbele wanaiona, wanachimbia, wanashikia mfupa. Ya nyuma inafuata tu. Ndiyo maana, miezi mingi kabla hajaliona daraja, mbwa mchanga hufundishwa kuweka miguu ya mbele juu ya beseni lililopinduliwa na kuisogeza ya nyuma taratibu mpaka alizunguke. Hufundishwa kwenda kinyumenyume. Hupitishwa kati ya vipago vya ngazi iliyolazwa chini, akitakiwa asiviguse. Hupandishwa kwenye kibao kinachotikisika, mguu mmoja kwanza, ili siku ubao wa pembea utakapoanguka chini yake kwa kishindo asiogope. Mpita njia akichungulia uani hawezi kujua kuwa hayo ni mazoezi ya mbio.

Njia ya pili ni kumwacha ashuke akikimbia bila kusimama, na hapo mimi ndipo ninapouona ufundi huu ukiwa kileleni. Silvia Trkman wa Slovenia, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, ni mmoja wa walioieneza. Ubao unawekwa kwanza chini kabisa. Mbwa anakimbia juu yake kwa kasi yake yote, na anatuzwa pale tu alipokimbia kwelikweli, mwendo umenyooka na nyayo za nyuma zimeangukia panapotakiwa. Akiruka, hapati kitu. Ubao unainuliwa sentimita chache. Mazoezi yanaanza upya. Unainuliwa tena chache. Wakati huo wote mwongozaji naye yuko shuleni: inambidi ajifunze kuziona nyayo za mnyama anayepita kama upepo, atofautishe mkimbio na mruko kwa jicho tupu, na atoe alama papo hapo. Wiki nzima inaweza kwisha ubao ukiwa palepale.

Alama yenyewe mara nyingi ni mlio wa kidude kidogo cha mkononi, "tik", unaomwambia mnyama kwamba hilo alilofanya sasa hivi ndilo, na malipo yanakuja. Msingi wake ulitoka kwenye tafiti za B. F. Skinner. Wanafunzi wake Keller na Marian Breland wakauingiza katika kazi ya kufundisha wanyama, na Karen Pryor, aliyekuwa akiwafundisha pomboo huko Hawaii kwa filimbi, akautungia kitabu mwaka 1984 kilichowafikia wenye mbwa wengi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna majirani wa ufundi huu pale Morogoro: panya buku wa shirika la APOPO, wanaonusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi, hufundishwa kwa mlio huohuo, na malipo yao ni chakula kama ndizi. Panya hapigwi wala haburutwi. Anayewaona Morogoro akaja kuwaona mbwa wa vizuizi atawatambua walimu wao kuwa ni watu wa kazi moja, kwa jinsi wanavyotulia na kungoja mnyama apate jibu.

Turudi kwenye miguu ya mwongozaji. Mbwa huamini mwendo kabla ya neno. Ukitamka "kushoto" huku vidole vya miguu na mabega vikielekea kulia, mbwa wengi watakwenda kulia, na watakuwa wamekusikiliza vizuri kabisa. Anayeongeza mwendo anamwambia mbwa songa mbele, ruka mbali. Anayepunguza mwendo anapokaribia kiunzi anamwambia jikusanye, tunageuka. Na akitaka kuhamia upande wa pili, anaweza kukata mbele ya mbwa huku akimtazama, kukata mbele akimpa mgongo, au kungoja na kukata nyuma yake. Kumpa mgongo ndiko kwa haraka zaidi na kunakohitaji imani zaidi, maana kwa kitambo mbwa anapotea machoni; unageuza kichwa upande wa pili ukitumaini utamkuta. Ukiwa umekata mapema, unamkuta. Ukiwa umekata mbwa akiwa juu ya kiunzi, ama mtagongana ama atapita nyuma yako akitafuta ulikokwenda.

Mti wa kiunzi ukianguka ni kosa, na kosa moja ni alama tano. Watazamaji huguna wakimtazama mbwa. Waongozaji wazuri hawamkaripii, wanamaliza njia, wanamlipa kwa mpira kama kawaida, na jioni wanaifungua video. Mara nyingi wanayoyakuta humo yanawahusu wenyewe: neno lilitoka mbwa akiwa ameshapaa, akashusha miguu ya nyuma ili ageuke, ikagonga mti. Mbwa aliyeangusha ndiye aliyejitahidi kutii. Wanaojua kuitazama video kwa haki hivyo hawawi wengi katika mchezo wowote, na ningependa makocha wa watoto wetu wangejifunza kwao.

Kwa kuwa kazi kubwa iko kwenye kuwahi, mchezo huu una nafasi ya watu ambao magoti yao yameshachoka. Wako waongozaji wazee ambao mbwa wao wamefundishwa maneno: moja la kukizunguka kiunzi kwa kulia, moja kwa kushoto, moja la kutafuta handaki, moja la kwenda mbele mpaka aambiwe. Mtu anasimama karibu na katikati, anapiga hatua chache, na mbwa anaichora njia yote kumzunguka. Kijana mwenye mbio aliyezoea kukimbia sambamba na mbwa wake hupata taabu kumshinda mzee wa namna hiyo.

Kwa upande wa mbwa, Border Collie ndio waliotawala. Ni mbwa wa kuchunga kondoo kwenye vilima vya mpakani kati ya Uskoti na England, waliozalishwa kwa vizazi vingi ili wamsome mchungaji aliye mbali. Lakini shindano la ajiliti la Westminster huko New York, lililoanza mwaka 2014, mwaka 2024 lilitwaliwa na Nimble, chotara mdogo wa Border Collie na Papillon aliyeongozwa na Cynthia Hornor, na ilikuwa mara ya kwanza kwa chotara kulishinda. Nilifurahi sana. Ufundi huu unafundishika kwa mbwa yeyote mwenye miguu mizima na hamu ya kucheza, na ni vizuri ulimwengu ulipouona kwa mbwa asiye na nasaba.

Miguu mizima ndilo jambo ambalo waongozaji wa kweli hulilinda kuliko medali. FCI hairuhusu mbwa kushindana kabla hajatimiza miezi 18, ili mifupa yake iwe imekomaa kwanza, na wafunzaji makini hawamrushi mtoto wa mbwa viunzi virefu hata nyumbani. Miti hulazwa chini, na mafunzo huwa ya kugeuka na kusikiliza. Majeraha yanayoripotiwa zaidi katika mchezo huu ni ya bega. Mwaka 2023 FCI ikaongeza kundi la nne la kimo, kwa mbwa wa kati ya sentimita 43 na 48 ambao awali walilazimika kuruka pamoja na wakubwa. Viunzi vyao vikashuka kutoka kati ya sentimita 55 na 60 hadi kati ya 45 na 50. Mtazamaji aliyekaa jukwaani huenda asione tofauti. Kwa mbwa ni sentimita kumi kila kiunzi, viunzi zaidi ya kumi kila njia, njia kadhaa kila wikendi ya mashindano, kwa miaka yote atakayocheza kwa mabega yaleyale mawili.